Jina Tulilolipumzisha

Australia, mwezi wa tatu, 2008

Kwako Susu wangu,

Wĩ mũseo? Najua wewe ndiye ungeanza, uniambie "Wakya" nami nikujibu "Aa" kama mtoto aliyelelewa, lakini barua haina namna hiyo. Kwa hivyo nimejibu "Aa" hapa mezani peke yangu, Baba akageuka kuniangalia kama mtu mwenye homa. Magoti yako yanakusumbua bado? Mmeshapanda, au mnangoja mvua iseme vizuri? Na wale watu waliokuja kulala kanisani kwenu wakikimbia vita vya baada ya uchaguzi, wamepata pa kwenda? Januari yote Baba alikuwa akilala na redio kwa mto. Siku tuliposikia wakubwa wamekaa meza moja na kutia sahihi, Mama alipiga magoti pale pale jikoni, mikono ikiwa na unga, na Baba akalala bila redio. Sisi tu wazima. Mtoto anakula, analia, anakula tena.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba changu ni cha mdomo tu, kalamu haikijui. Mjomba Musyoka atakusomea akikugeuzia. Mjomba, tafadhali usiruke mahali, hata pale pa aibu. Mama hajui kwamba ninaandika.

Susu, naandika juu ya jina la mtoto.

Unajua mwenyewe mimi nilibeba la mama ya Baba, kwa hivyo msichana wa pili alikuwa wa kubeba lako, mama ya Mama. Hakuna aliyekuwa na shaka. Hata mimi nilishaanza kumwita Syombua akiwa bado tumboni, nikizungumza na tumbo la Mama wakati anakunja nguo. Halafu Mama akakupigia simu akakwambia amempa mtoto jina la mama mmoja mgeni, tena marehemu. Tulikuwa tumeweka simu kwa spika na tulisikia kuku wako tu. Kisha ukasema "Sawa," na aliyerudi kwa laini ni Mjomba, akasema umeenda kufunga ndama. Saa sita ya mchana, Susu! Ni ndama gani anafungwa saa sita ya mchana? Tangu hiyo siku tukipiga, uko shamba, uko kanisani, umelala. Mama anakata simu anakaa nayo mkononi.

Mimi si mtu wa kuongea, hilo unalijua. Ukinikumbuka vizuri utanikumbuka nyuma ya mlango. Lakini mambo haya niliyaona kwa macho, na kama sitayasema mimi, hakuna atakayeyasema.

Mji huu wetu uko katikati kabisa ya Australia, mbali na bahari. Udongo ni mwekundu, mto wenyewe ni mchanga mtupu, na kama si lami ungesema ni kwetu Mwala, ila hakuna punda. Jirani yetu anaitwa Anti Merle. Ni wa watu wa asili wa hapa, wale waliokuwa na hii nchi kabla wazungu hawajaja, na kwao mama yeyote mtu mzima anaitwa Anti na kila mtu. Anafanya kazi shuleni kwetu, anasaidia watoto wa watu wake ili wasiache masomo.

Sasa nakuambia la aibu. Nilipoanza shule hapa nilikuwa nakula chakula changu cha mchana ndani ya choo. Kiingereza nilikuwa nacho, tena kizuri, lakini nikifungua mdomo wote walikuwa wanageuka, kwa hivyo nikaufunga. Anti Merle ndiye aliyenigundua. Aligonga mlango wa choo akasema, "Wewe mwenye sandwichi, hapo pananuka. Njoo ofisini kwangu. Kunanuka pia, lakini ni soksi tu." Nikacheka mpaka nikafungua. Tangu siku hiyo nilikula kwake.

Jumamosi moja alinipeleka mtoni akaanza kuchimba mchanga kwa mkono, polepole, mpaka maji yakaingia. Nikapiga magoti nikachimba shimo langu kando yake. Aliacha lake akawa ananiangalia.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Susu wangu. Mama ya mama yangu. Kwetu mito ni hivi hivi."

"Mimi nilifundishwa na mama yangu," akasema, "kabla hawajanichukua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ndipo akaniambia. Serikali ya zamani ilikuwa inachukua watoto wa watu wake, hasa wale wa ngozi nyepesi, inawapeleka mbali wakalelewe kizungu. Gari lilikuja wakati wanaume hawapo. Yeye na dada yake mdogo walipakiwa, na mama yao akakimbia nyuma ya gari mpaka vumbi likamficha. Hawakumwona tena. Kule walikopelekwa walipewa majina ya kizungu na wakakatazwa lugha yao. "Merle" ni jina la kule. Yeye alilizoea. Dada yake alilikataa la kwake. Kila usiku alikuwa anajifunika blanketi na kujinong'onezea lile alilopewa na mama yao, asije akalisahau, na alipokuwa mtu mzima akalirudia mbele ya kila mtu.

Jina lenyewe siliandiki, Susu. Wewe ulilisikia kwa simu. Nakuomba usilitaje, na utaelewa kwa nini.

Dada huyo ndiye Mama aliyemhudumia hospitalini. Alikuwa mgonjwa wa figo muda mrefu, na Mama kazi yake ni wodi ya figo. Walikuwa marafiki hasa. Mama alikuwa anarudi nyumbani akituambia vituko vyake. Anti Merle aliwahi kutembea na maelfu ya watu barabarani miaka ile ya nyuma, weusi kwa weupe, wakitaka nchi ikubali ilichofanya, na watu wa kawaida walikuwa wanatia sahihi vitabu vizima vya kuomba radhi. Dada yake alikataa kutembea. Alimwambia Mama, "Mimi siendi kumfuata mtu barabarani aniombe samahani. Nimekaa hapa. Mwenye serikali ndiye aje aseme." Basi akasubiri. Serikali ilibadilika, Waziri Mkuu mpya akaahidi atasema, na dada huyo akafariki muda mfupi kabla ya Krismasi, kabla ya kusemwa kitu. Hakuwa na mtoto.

Mama alimwosha kwa mikono yake, na tumbo lake lile kubwa. Alirudi nyumbani hakula.

Mtoto alipozaliwa, siku ya kumpa jina, Mama akasema, "Yule mama amepigania jina lake maisha yote. Sasa liende naye kaburini, hakuna hata mtoto mmoja wa kuitikia? Huyu wetu atalibeba."

Baba akamwuliza, "Na mama yako kule Mwala?"

"Mama ataelewa. Mama ana moyo."

Ndivyo alivyosema, Susu. Hakukudharau. Alikutegemea kuliko ilivyofaa, na nadhani mtu hutegemea hivyo mama yake peke yake.

Anti Merle alikuja kuona mtoto na blanketi ya njano aliyoifuma mwenyewe. Mama alikuwa na furaha, unajua anavyokuwa, mdomo unamtangulia. Akamwinua mtoto akasema, "Anti, tumempa la dada yako," na akalitamka lile jina, kwa sauti, akitabasamu.

Anti Merle aliangalia mtoto, akaangalia sakafu, akaweka blanketi juu ya kiti kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka. Mama alibaki na mtoto hewani. "Nimesema nini?" akaniuliza. "Mutheu, nimesema nini?"

Ni wiki hiyo hiyo Mama alipokupigia wewe, akasikia kuku.

Kwa hivyo kwa jina moja Mama alipoteza watu wawili. Alikuwa anatembea uani akimbembeleza mtoto, akimwita na kumwita, na upande wa pili wa ua tunasikia Anti Merle anafunga madirisha. Kwa joto lile la Januari, Susu, ambalo hata mbwa analala bafuni. Mama akaona ni chuki. Akasema, "Labda hawataki jina lao kwa mtoto wa mgeni." Na mimi shuleni nilianza kumkwepa Anti Merle. Nikimwona upande huu napitia upande ule. Nilirudi kula kule kwa choo.

Halafu mwezi wa pili ikafika siku ya Waziri Mkuu kusema. Shule ilifungua ukumbi, ikaweka televisheni kubwa, na watu wa mji wakaja, wazee wengi, wengine wamebeba picha zilizofunikwa kitambaa. Nilisimama nyuma karibu na mlango, mahali pangu pa kila siku. Anti Merle alikuwa amekaa mbele, na kando yake kiti kitupu. Watu walikuwa wanakuja, wanakiona, wanapita. Hakuna aliyekikalia. Alikuwa anaweka mkono juu yake, anautoa, anauweka.

Sijui nilifikaje pale. Miguu ilienda. Nikasimama tu kando ya kiti, na yeye bila kuniangalia akasema, "Kaa basi. Hiki kiti kitaniua."

Nikakaa.

Yule Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema. Alisema nchi ilikosea. Aliomba samahani kwa akina mama, kwa akina baba, kwa ndugu waliotenganishwa, na hakuweka "lakini" baada yake. Nilikuwa nikijiuliza nitakuelezaje hilo neno la Kiingereza, kama ni pole au ni samahani. Nafikiri siku hiyo lilikuwa yote mawili. Ukumbini watu wazima walilia wazi wazi. Mzee mmoja wa kizungu, fundi wa mabomba ambaye hutengeneza choo cha shule, alivua kofia akasimama nayo kifuani mpaka mwisho. Anti Merle hakulia. Alipumua tu, pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado anahisi kamba kwenye paji la uso.

"Amechelewa Krismasi moja," akasema.

Ndipo nikauliza. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda kwa sababu wote walikuwa wanalia na hakuna aliyekuwa ananiangalia. "Anti, sisi tulikukosea nini?"

Akageuka. "Hamjui?"

"Hatujui. Mama anafikiri unamchukia."

Kisha akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Kwao mtu akifa, jina lake linafungwa. Halitamkwi. Wanafunika hata picha. Aliyekufa yuko safarini, na ukimwita anageuka, anasumbuka, hajui aende au arudi. "Mama yako anamwita dada yangu kutwa nzima," akasema. "Mtoto akilia, anaitwa. Mtoto akinyonya, anaitwa. Nafunga dirisha, bado nasikia. Nilijua hana ubaya, ndiyo maana sikumwambia. Ungemwambia nini mtu anayekupa zawadi kama ile?"

Nikamwambia kwetu ni kinyume. Kwetu mtu asipoitwa ndiyo amekufa kabisa. Tunampa mtoto jina ili mwenye jina asipotee, aendelee kukaa na sisi nyumbani, hata tunamtania mtoto tunamwambia, "Wewe mzee, amka." Nikamwambia kwamba Mama hakuweza kuvumilia yule rafiki yake apotee.

Anti Merle akaweka mkono kwa mdomo. Nikadhani sasa ndiyo analia. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, machozi pia yanakuja. "Masikini mama yako," akasema. "Mimi namsukuma aende, yeye anamvuta arudi. Huko njiani dada yangu lazima ametutukana wote wawili."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anapakua chakula. Nilimwambia yote kwa mkupuo, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mwezi, naye akakaa chini na mwiko mkononi.

"Kila alipolia," akasema. "Kila alipolia nilimwita."

"Hukujua, Mama."

"Nilimwosha mimi mwenyewe, halafu nikamzuia njiani."

Baba, unavyomjua, yeye mambo mazito huyapeleka kwa mbuzi. Akasema huwezi kwenda kupatana na mtu mikono mitupu, akachukua gari akaenda kutafuta. Hapa mbuzi ni mnyama wa porini, hauzwi kwa bucha. Alirudi na paja la kondoo limefungwa kwa nailoni.

"Kondoo?" Mama akauliza.

"Mungu ataelewa," Baba akasema. "Na kama hataelewa, ataona bei."

Mama aliongeza muthokoi, ule wa mahindi uliyoyatwanga mwenyewe ukatutumia, aliokuwa ameuficha juu ya kabati ili tusiumalize. Jioni kabla jua halijazama tulivuka, mimi mbele na sufuria kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mjumbe, eti. Mlango ulipofunguliwa Mama alianza, "Anti, kwetu sisi ni desturi kwamba..." Nikaona anaitupa ile hotuba yote aliyokuwa ameipanga. Akasema tu, "Nilikuumiza. Nisamehe."

Anti Merle alimpokea mtoto. Hilo ndilo alilofanya. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto, akamnusa kichwani.

Tulikaa kwake. Alikula muthokoi akasema unataka chumvi, na Mama badala ya kukasirika akacheka kama msichana. Halafu Anti Merle akatoka nje na jembe dogo, akachimba kishimo, akawasha moto mdogo, akaweka majani mabichi juu yake. Moshi mweupe ukapanda, unanukia vizuri. Akasema mtoto anatakiwa apitishwe kwenye moshi ili awe na nguvu, na nchi imjue. Mama ni nesi, Susu. Uso wake ulikuwa wa kuonwa. "Ana mafua kidogo," akasema, sauti ndogo. "Basi kwa haraka," Anti Merle akajibu. Wakampitisha. Hakulia hata. Alipiga chafya moja akalala.

Kisha wakazungumzia jina. Mama akasema atalifuta kabisa. Anti Merle akakataa. "Jina halifutwi. Linapumzishwa. Ni lake, limetolewa kwa upendo, lakini likae kimya. Miaka ikipita, wakati ukifika, mimi mwenyewe nitakuja kuwaambia, sasa mwiteni. Na nikifa kabla, huyu," akanionyesha mimi, "ndiye atajua." Akasema kwao mtu akiwa na jina moja na marehemu anaitwa kitu kingine kwa wakati huo. Wana neno lake la pekee, lakini sitaliandika kwa sababu sijui herufi zake na sitaki kulikosea.

"Lakini nyinyi mna namna yenu," akasema. "Bibi yake yuko hai?"

Mama alianza kukunja ncha ya leso.

"Yuko," nikasema mimi. "Anaitwa Syombua."

"Yuko hai?" Anti Merle akasema. "Basi huyo hatasumbuka. Huyo anaweza kuitwa mpaka kesho." Akamwinamia mtoto akaliita jina lako, akaliharibu kidogo katikati, mtoto akafungua jicho moja.

Mama alilia hapo, si mapema. Nilidhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini tulipofika nyumbani aliniambia kitu kingine. Aliniambia, "Mutheu, sitaweza kumwambia mama yangu. Ataona nimempa makombo. Nimempitia, na kwingine kuliponishinda ndiyo nikamrudia." Nikamwambia si hivyo. Akasema, "Wewe humjui mama yangu alivyo na heshima yake."

Mimi nakujua, Susu. Nakujua unavyopenda heshima, na sisemi haikuguswa. Iliguswa. Ungekuwa na haki ya kwenda kufunga ndama hata usiku. Lakini nilikuwa pale na ninaweza kuapa. Jina lako halikuokotwa mezani. Liliombwa, na mama ambaye wa kwake alimtowekea kwenye vumbi, ambaye hajui hata kaburi lake liko wapi. Alipouliza kama bibi ya mtoto yuko hai, aliuliza kama mtu anayeuliza kama nyumbani kuna maji. Na uzuri wa jina lako ni kwamba wewe upo. Hilo ndilo aliloliona haraka kuliko sisi. Tumekuwa na mtu wa kuita na kuitika, tukakaa karibu miezi miwili simu ikiita bure.

Sasa Anti Merle amefungua madirisha. Mama anatembea uani anamwita mtoto, na upande wa pili wa ua kuna mtu anayeitikia kwa ajili yake, kwa matani, "Naam!" Nimerudi kula ofisini kwenye soksi. Ni nyumba yenye amani, Susu, isipokuwa ile simu.

Ombi langu ni hili. Jumapili baada ya kanisa tutapiga kwa namba ya Mjomba. Usiende kufunga ndama yeyote. Huna haja ya kusema umesamehe, wala Mama asikulazimishe kuzungumza juu ya mambo haya, yeye bado anaona aibu. Mimi nitaweka simu kwenye sikio la mtoto. Wewe mwite tu. Mwite kama unavyojiita mwenyewe ukiwa peke yako shambani. Mama atakuwa amemshika, na atasikia.

Nisalimie Mjomba Musyoka, ambaye najua amesoma yote bila kuruka, na mkewe aliyenishonea sare zangu zile za zamani. Nisalimie mama mchungaji, mwambie bado naimba, ila kimoyomoyo. Nisalimie Mzee wa kisima aliyekuwa ananiita Kimya, umwambie ameanza kukosea. Na bintiye Mjomba, yule mdogo, asiguse daftari zangu zilizo chini ya kitanda.

Baki salama, Susu. Ukae karibu na simu.

Ni mimi mjukuu wako Mutheu, pamoja na mwenzako Syombua, ambaye ameamka sasa hivi na anahitaji kuitwa.